Gari lililolala muda mrefu: ubusti, uliamshe hatua kwa hatua, au ulibebe hadi gereji?

Gari likikaa bila kuwashwa, injini mara nyingi ndiyo ya mwisho kuharibika. Betri hufa kwanza, petroli hufuata, kisha maji ya breki, raba na tairi. Hata hivyo mtu akirudi kutoka Muscat au London akalikuta gari lake uani limejaa vumbi, kitu cha kwanza anachotafuta ni jirani mwenye waya za kubusti, yaani za kuazima umeme wa betri ya gari jingine. Mara nyingine anapatia. Mara nyingine anaharibu kwa sekunde tano kitu kilichokuwa kizima miaka mitatu.

Njia ziko tatu, na kila moja ina gari lake.

| | Kubusti na kuwasha | Kuamsha hatua kwa hatua, gari lilipo | Kubeba hadi gereji |
|---|---|---|---|
| Muda gari lililolala | Hadi miezi 3. Miezi 6 kama lilikuwa ndani na tenki limejaa | Miezi 6 hadi miaka 3 | Zaidi ya miaka 3, au lilizimwa likiwa na kasoro |
| Vifaa | Waya nene, gari la pili | Chaja, multimita, spana, oili, filta, mafuta mapya, jeki na stendi | Brekdauni ya kubeba, si ya kuvuta kwa kamba |
| Muda wa kazi | Dakika 20 | Siku 2 hadi 3 | Siku kadhaa, wakati mwingine wiki |
| Kinachoweza kwenda kombo | Petroli mbovu kufika kwenye injekta, altaneta kuungua | Kuruka hatua kwa sababu ya haraka | Bili kukua, vipuri vizima kubadilishwa |
| Breki | Hakuna aliyeziangalia | Unazikagua mwenyewe, fundi anamalizia | Zinafunguliwa zote |

Kabla ya kuchagua, jibu swali moja kwa ukweli: gari liliegeshwa likiwa zima, au liliegeshwa kwa sababu lilikuwa linasumbua? Gari lililokuwa linachemsha mwaka 2021 bado linachemsha. Kama jibu ni la pili, acha waya za kubusti zilipo na uite brekdauni, hata kama limelala miezi miwili tu.

Kubusti inatosha lini

Hesabu yenyewe ni rahisi. Gari lililozimwa bado linakula umeme kidogo wa saa, alamu na kompyuta. Chukua miliampea 50. Kwa siku ni ampea-saa (Ah) 1.2, na betri ya saizi ya NS60 yenye Ah 45 inakauka ndani ya siku kama 37. Kwa hiyo gari lililolala mwezi mmoja na nusu likikataa kuwaka, tatizo karibu kila mara ni betri peke yake, na kubusti ni sahihi kabisa.

Weka multimita kwenye vichwa vya betri kabla ya kuunga chochote. Volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo. Ukisoma 10.5 au chini yake, huenda kuna chumba kilichokufa ndani, na hapo kubusti kutaliwasha gari leo tu. Kesho asubuhi mtarudi palepale.

Unga nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha nyingine kwenye chanya ya betri nzima, nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, na cheche ya mwisho haifai kutokea juu yake. Land Cruiser yenye betri mbili inataka uangalifu zaidi: baadhi zimeungwa sambamba na zinabaki volti 12, nyingine zimeungwa kwa mfululizo na ni volti 24. Fuata nyaya kwa macho kwanza. Ukiunga gari la volti 12 kwenye mfumo wa 24 ni hasara kwa wote wawili.

Kuna mtindo ambao mafundi wengi wa mitaani wanaupenda: wanawasha gari kwa betri ya kuazima, kisha wanaichomoa injini ikiwa inanguruma na kurudisha ile iliyokufa. Kwenye gari la kabureta la zamani ulipita bila kelele. Kwenye gari la EFI, lenye injekta zinazoongozwa na kompyuta, ukichomoa betri altaneta ikiwa inazalisha, volti zinaruka ghafla na zinaweza kuua dayodi za altaneta au kompyuta ya injini. Mkatalie, hata akisema amefanya hivyo miaka ishirini.

Altaneta nayo si chaja. Imetengenezwa kurudishia betri kile kidogo ambacho stata imekula. Ukiipa betri tupu kabisa, inafanya kazi kwa nguvu zote kwa muda mrefu na inapata moto. Ukishabusti, gari likawaka, betri bado inahitaji chaja.

Kuchaji au kununua mpya

Betri ya maji iliyokaa miezi sita bila chaji imeshajenga salfeti kwenye sahani zake. Jaribu mara moja, kwa utaratibu. Angalia maji kwanza. Yakiwa chini ya sahani, ongeza maji yasiyo na asidi. Dukani aina zote mbili zinaitwa "maji ya betri", na ukiongeza asidi kwenye betri ambayo imepoteza maji tu unaimaliza. Chaji kwa asilimia 10 ya ukubwa wake, yaani ampea 4.5 kwa NS60, saa 12 hadi 14. Itoe kwenye chaja, iache ilale usiku mzima bila kuungwa, kisha pima. Ikisoma 12.5 au zaidi, irudishe. Ikiwa imeshuka chini ya 12.2, nunua mpya. Kipimo cha mwisho ni stata: wakati injini inazungushwa, volti zisishuke chini ya 9.6.

Betri iliyokaa mwaka mzima bila chaji sisi hatuihangaikii. Umeme na muda utakaotumia ni bora uweke kwenye mpya.

Petroli: kuongezea au kumwaga

Hapa ndipo watu wanapopoteza pesa, kwa sababu mafuta hayaonekani na geji inasema nusu tenki.

Petroli ikikaa, sehemu zake nyepesi, zile zinazowaka haraka, hupotea kwanza. Zinazobaki huungana na hewa na kugeuka utomvu unaonata. Kwenye gari la kabureta mchakato huu ni wa haraka, kwa sababu bakuli la kabureta lina mafuta kidogo na liko wazi kwa hewa. Mafuta hukauka humo na kuziba jeti zenye matundu madogo kuliko sindano. Gari la EFI lina mfumo uliofungwa, hivyo linavumilia zaidi, lakini likishindwa gharama ni kubwa: pampu iliyo ndani ya tenki na injekta ndivyo vinavyoumia.

Usiamini harufu ya mdomo wa tenki. Chukua chupa ya kioo, toa robo lita, iweke kwenye mwanga. Petroli nzuri inapitisha mwanga vizuri na harufu yake inakupiga puani. Iliyoharibika inakaa kama chai ya rangi, na harufu yake ni ya vanishi ya mbao. Iache dakika kumi. Kama kuna maji, utayaona yamejikusanya chini na mstari safi kati yake na petroli.

Chini ya miezi sita, na chupa ikaonekana safi, jazia mafuta mapya angalau mara mbili ya yaliyomo na uendelee. Kati ya miezi sita na mwaka, chupa ndiyo hakimu. Zaidi ya mwaka, mwaga yote bila kuijaribu injini. Hakuna dawa ya chupa inayorudisha petroli iliyokwisha kugeuka. Viongeza vya kuhifadhi mafuta hufanya kazi vikitiwa kabla gari halijalala. Walio Uingereza wana sababu zaidi ya kumwaga mapema: tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida huko ni E10, yaani iliyochanganywa na ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli hiyo huvuta unyevu.

Kumwaga si kunyonya kwa mdomo. Kwenye magari mengi madogo, pampu iko chini ya siti ya nyuma, chini ya kifuniko cha bati. Ukifungua hapo unapata mambo matatu kwa mkupuo: unamwaga mafuta, unaiona pampu, na unaona kama chini ya tenki kuna kutu. Fanya kazi hii nje, betri ikiwa imefunguliwa, bila sigara wala balbu ya waya karibu. Kuhusu sauti ya pampu, wengi hudanganyika: kwenye Toyota nyingi pampu hailii ufunguo ukiwa kwenye ON, inaanza injini inapozungushwa. Kimya chake si ushahidi kwamba imekufa.

Dizeli ina adui mwingine

Dizeli haiharibiki haraka kama petroli, na gari la dizeli lililolala miaka miwili likiwa na tenki lililojaa linaweza kuwaka kwa mafuta yaleyale. Adui wake ni maji. Tenki likiwa nusu, hewa iliyobaki hutoa unyevu kila usiku, maji yanashuka chini, na kwenye mpaka wa maji na dizeli huota bakteria na kuvu. Matokeo yake ni uteute mweusi. Ukiuona kwenye filta, kubadilisha filta peke yake hakusaidii. Tenki linashushwa na kuoshwa.

Kama tenki lina boliti ya kumwagia, fungua kidogo utoe lita moja au mbili za chini kwenye chupa. Kisha legeza kizibo cha chini ya filta utoe maji. Weka filta mpya iliyojazwa dizeli safi, na nunua nyingine ya akiba, maana ya kwanza itakusanya takataka zote za tenki ndani ya kilomita 200 au 300.

Baada ya hapo kuna upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye mabomba ya dizeli, na lazima utoke. Kwenye injini za zamani za Toyota kama 1HZ au 5L, bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta hadi iwe ngumu, legeza nati za mabomba kwenye nozeli nusu mzunguko kwa spana namba 17, piga stata hadi dizeli itoke bila mapovu, kaza. Usilete mazoea haya kwenye injini ya kisasa ya reli ya pamoja (common rail) kama 1KD-FTV. Presha ndani ya mabomba yake inapita bar 1,000, na mchirizi mwembamba kuliko uzi unaingia chini ya ngozi. Huko tumia pampu ya mkono tu, na kama haiwaki, muachie mwenye mashine ya kusoma kompyuta.

Kwa mtu anayeamshia gari nyumbani, basi, mpangilio wa urahisi ni huu: dizeli ya zamani, petroli ya kabureta, petroli ya EFI, na mwisho kabisa dizeli ya kisasa.

Injini: kupiga stata leo au kesho

Oili iliyokuwa kwenye kuta za silinda imeshateremka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Ringi za pistoni zimegusana na chuma kikavu, na pwani, kuanzia Tanga hadi Mombasa, hewa ya chumvi huongeza kutu. Kwa gari lililolala chini ya miezi sita, piga stata tu. Zaidi ya hapo, toa siku moja.

Chomoa plagi zote. Ziangalie, yenye kutu au masizi yenye unyevu inakueleza habari za silinda yake. Mimina oili ya injini kijiko kimoja cha chai kwenye kila tundu, si zaidi. Kioevu hakibanwi, na ukijaza silinda kisha ukarudisha plagi, pistoni inapopanda inapinda mkono wake. Acha usiku kucha.

Asubuhi shika boliti ya puli ya krenki, kwenye Toyota nyingi ndogo ni soketi namba 19, weka gia fri, zungusha taratibu kuelekea saa inakoelekea. Bila plagi, injini nzima inazunguka kwa mkono mmoja, laini, na unasikia pumzi ikitoka kwenye matundu. Ikigoma, usiongeze bomba la mita moja kwenye spana. Ongeza oili kidogo, subiri siku nyingine, jaribu nyuma na mbele kwa vipande vidogo. Ikigoma tena, imejamu, na safari yako inageukia njia ya tatu ya jedwali, kubeba hadi gereji.

Ikizunguka, chomoa fyuzi ya EFI na soketi za koili, funika matundu kwa kitambaa, kisha piga stata sekunde 10, pumzisha nusu dakika, rudia hadi taa ya oili izime. Sasa oili imefika juu. Kwenye dizeli za zamani ni rahisi zaidi: chomoa waya wa kuzimia ulio kwenye pampu ya dizeli, na injini itazunguka bila kuwaka.

Oili yenyewe ibadilishwe kabla au baada? Gari la chini ya mwaka, stiki ikionyesha oili safi na ya kutosha, washa nayo, ipate moto, kisha mwaga. Ikiwa moto inatoka na uchafu wake. Zaidi ya miaka miwili, badilisha kabla, pamoja na filta, halafu tena baada ya kilomita 500. Oili ya bei ya kati inatosha kwa hiyo ya kwanza. Stiki ikitoka na rangi ya maziwa, usiwashe kabisa. Maji yameingia, na gasketi ya silinda hedi ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Halafu kuna mkanda wa taiming, ule unaooanisha valvu na pistoni. Injini ya 1NZ-FE ya Toyota IST na Vitz ina cheni, hivyo hili haliwahusu. Lakini injini za 5A-FE, 3S-FE na 1HZ zina mkanda wa raba, na raba inazeeka hata bila kutembea. Mkanda usiojulikana umri wake ubadilishwe kabla ya safari yoyote. Ukikatika kwenye dizeli, valvu zinagongana na pistoni.

Fungua pia boksi la filta ya hewa kabla ya yote. Panya hupenda kuzaa humo, na hutafuna nyaya za injekta zilizo karibu. Waya mmoja uliotafunwa unaweza kukuchukua siku mbili ukilaumu pampu.

Breki: hapa gereji inashinda

Sehemu nyingine zote tunamwachia msomaji uhuru. Kwa breki, kama gari limelala zaidi ya mwaka, mlipe fundi aje au lipeleke. Maji ya breki huvuta unyevu kutoka hewani, kutu hukamata pistoni za kalipa (kibano cha breki ya diski) kutoka ndani, na kanyagio inaweza kuwa ngumu vizuri uani kisha ikazama kwenye mteremko wa kwanza.

Kosa la kawaida ni kulazimisha. Hendibreki iliyoachwa imevutwa hugandisha shuu kwenye dramu, na mwenye gari anakanyaga mafuta ili ijikwatue. Kinachotokea ni shuu kubanduka kutoka kwenye chuma chake. Badala yake zuia tairi za mbele, legeza hendibreki, pandisha nyuma kwenye stendi, toa tairi. Kwenye dramu ya Toyota utaona matundu mawili yenye uzi yasiyo na kazi yoyote inayoonekana. Kazi yake ndiyo hii: ingiza boliti mbili za M8, kaza kwa spana 12, robo mzunguko huku na robo kule, na gonga ukingo kwa nyundo kati ya zamu. Dramu inatoka yenyewe bila vita. Diski zenye kutu nyepesi juu hujisafisha kwa kukanyaga breki mara kumi hivi; zenye mashimo hubadilishwa. Maji yote ya breki yatolewe, DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyosema, kuanzia tairi la mbali zaidi.

Tairi zisomwe tarehe, si kashata (meno ya tairi) tu. Tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zilizopita miaka 10 zitoke, hata kama zinang'aa. Zilizobaki bapa upande mmoja kwa kusimama huenda zikarudi umbo baada ya kilomita 20 au 30; zisiporudi, usukani utaendelea kutetemeka.

Magari mawili, maamuzi mawili

IST ya 1NZ-FE, miezi minane chini ya banda, robo tenki, ilizimwa ikiwa nzima. Hii haihitaji brekdauni, na kubusti peke yake ni bahati nasibu. Chaji betri usiku, chupa ya petroli, mwaga robo tenki hiyo (ni kidogo, usiihurumie), lita 15 mpya, oili kwenye silinda, stata bila mafuta, kisha washa. Wikiendi moja inatosha.

Land Cruiser ya 1HZ, miaka minne kwenye jua karibu na bahari, mkanda wa taiming haujulikani. Injini yake pengine ndiyo kitu kizima kuliko vyote. Lakini mkanda, breki, mabomba ya raba na tenki vyote vinataka kufunguliwa, na uani kwa jeki moja utafanya nusu ya kazi kwa muda mara tatu. Ibebe juu ya brekdauni. Kuivuta kwa kamba bila breki ni hatari. Mpe fundi orodha iliyoandikwa ya unachotaka, na mwambie kila kipuri cha zamani akurudishie.

Siku ya kuwasha, liwe nje, si ndani ya banda lililofungwa. Taa ya oili izime ndani ya sekunde tano. Isipozima, zima injini. Moshi wa buluu dakika chache za mwanzo ni ile oili ya silinda. Moshi mweupe usiokoma, wenye harufu tamu, ni kulanti (maji ya rejeta) inayoungua. Liache lingurume hadi feni ya rejeta iwake na kuzima mara mbili, pima altaneta ikiwa kati ya volti 13.8 na 14.5, kisha lala chini na tochi uangalie kila muungano wa bomba la mafuta. Safari ya kwanza iwe kuzunguka mtaa, madirisha wazi, bima ikiwa hai. Ukirudi, gusa rimu zote nne kwa kiganja. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, kalipa yake haijaachia.